Kadi za wachezaji ukutani: chagua ukuta kabla ya kuchagua fremu

SWALI: Mimi ni mtumishi wa umma. Nilihamia Dodoma kutoka Dar es Salaam, na sasa naishi Nzuguni katika nyumba niliyoikamilisha miezi miwili iliyopita. Kwa miaka mingi nimekusanya kadi za wachezaji wa mpira wa kikapu na wa miguu, na kati yake nimechagua tisa ninazozipenda zaidi, ikiwemo kadi ya Hasheem Thabeet ya msimu wa 2009–10 yenye saini yake ya kalamu ya maka. Nataka kuzitundika sebuleni, kwenye ukuta unaotazamana na dirisha kubwa la magharibi, ili wageni wazione mara waingiapo. Fundi amesema atazibandika kwa gundi kwenye kadibodi jeusi, kisha ataweka kioo juu yake. Tangu nihamie, kadi mbili zenye mng'ao wa metali zimeanza kujikunja. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu yangu, kabla hujamaliza kusoma jibu hili, mpigie fundi simu umwombe asubiri. Hakuna gundi yoyote, iwe ya maji, ya mbao, ya moto au ile ya kichupa inayokauka kwa dakika moja, inayotakiwa kugusa kadi. Wakaguzi wa kadi, yaani wale wanaozipa kadi alama za ubora, hutazama mambo manne kwa kioo cha kukuzia: pembe zake nne, kingo zake, uso wake wa mbele na wa nyuma, na jinsi picha ilivyokaa katikati ya mpaka wake. Kadi ya mchezaji wa besiboli Mickey Mantle, iliyochapishwa na kampuni ya Topps mwaka 1952, iliuzwa Marekani Agosti 2022 kwa dola milioni 12.6. Iliyoifikisha hapo si sura ya mchezaji peke yake, kwa kuwa nakala nyingine za kadi hiyohiyo zipo na huuzwa kwa sehemu ndogo tu ya bei hiyo. Ni kwamba hii ilibaki na pembe kali na rangi zake kamili, ikapewa alama 9.5 kati ya 10. Gundi ya fundi wako ingeharibu uso wa nyuma siku ileile, na siku utakapotaka kuzibandua, tabaka la karatasi lingebaki kwenye kadibodi. Kwa sababu hiyohiyo, usikubali mtu yeyote wa steshenari akufanyie lamineshen. Najua tumezoea kulamineti vyeti na vitambulisho ili vidumu, lakini mashine ile huyeyusha gundi kwa joto na kuishikanisha na kadi moja kwa moja, na hakuna njia ya kuiondoa bila kuipasua kadi yenyewe.

Sasa nije kwenye jambo ambalo naona ndilo kubwa katika barua yako, nalo si fremu. Ni ukuta. Umeuchagua ukuta mbaya kuliko yote katika sebule hiyo, na hakuna fremu itakayoweza kuurekebisha.

Miaka michache iliyopita kijana mmoja aliniletea fremu yenye kadi sita za wachezaji wa Ligi Kuu ya Uingereza, akilalamika kwamba kioo kimeingia ukungu. Kioo hakikuwa na ukungu. Nilipoifungua fremu na kuzitoa kadi, kila moja ilikuwa na mstari mwembamba pembeni, wa upana usiozidi milimita nne, mahali ambapo kadibodi nene ya ndani ya fremu ilikuwa imeifunika. Ndani ya mstari huo jezi ilikuwa nyekundu ya kukoza kama damu. Nje yake ilikuwa waridi iliyochujuka, na nyuso za wachezaji zilikuwa zimeelekea kwenye ubuluu kama za watu walioshikwa na baridi. Fremu ile ilikuwa imekaa miaka miwili mbele ya dirisha la magharibi. Kijana aliushika ule mstari kwa ukucha, akautazama muda mrefu, kisha akaniuliza kama kuna dawa ya kuirudisha rangi. Haipo. Wino wa manjano na ule wa waridi katika uchapaji wa kawaida huchujuka mapema kuliko wa buluu na mweusi, na kilichoondoka kimeondoka.

Mwanga hupimwa kwa luksi, na makumbusho mengi hulenga takriban luksi 50 kwa karatasi zenye rangi dhaifu. Jua kali la mchana hufika luksi 100,000. Jua la jioni linalopita kwenye kioo cha dirisha lako ni dhaifu zaidi, lakini hata tukilikadiria kuwa robo tu ya hilo, saa moja ya jua hilo ni sawa na saa 500 za mwanga wa makumbusho, yaani zaidi ya miezi miwili ya maonyesho ya saa nane kila siku. Madhara ya mwanga hayapumziki wala hayafutiki usiku, yanajumlishwa. Kwa hiyo kila jioni jua linapolala ukutani kwako kwa saa moja, kadi zako zinazeeka miezi miwili. Hapo bado hatujataja joto linalojikusanya ndani ya fremu iliyofungwa huku jua likiipiga.

Huenda utaambiwa kwamba kioo cha fremu kinazuia mionzi mibaya. Kioo cha kawaida cha milimita 3, ambacho ndicho utakachokikuta kwa wauza vioo wengi mjini, huzuia sehemu kali zaidi ya mionzi ya urujuanimno lakini hupitisha sehemu kubwa ya ile iliyo karibu na mwanga unaoonekana, nayo inatosha kuchujua wino. Vipo vioo vya kuhifadhia picha vilivyotengenezwa kuzuia takriban asilimia 99 ya urujuanimno, na ukipata mtu wa kukuletea, nunua bila kusita. Lakini hata kioo hicho hakizuii mwanga wenyewe, na mwanga unaoonekana nao huchujua rangi, ila kwa polepole zaidi. Vivyo hivyo makasha ya plastiki wanayotumia wakaguzi kuzifungia kadi zilizopewa alama: yanalinda pembe na uso, wala usiyategemee mbele ya jua la kila siku.

Ukuta upi basi? Dodoma ipo takriban nyuzi 6 kusini mwa ikweta, na kwa hiyo jua letu halikai upande mmoja mwaka mzima. Mwezi Juni huzama kaskazini kidogo ya magharibi, na miale yake ikiingia kwa dirisha la magharibi huelekea kusini-mashariki. Mwezi Desemba huzama kusini ya magharibi, na miale huelekea kaskazini-mashariki. Maana yake ni kwamba katika sebule yako ukuta wa mashariki, ule ulioutaka, hupigwa mwaka mzima, ukuta wa kusini hupata sehemu yake wakati wa kipupwe, na ukuta wa kaskazini wakati wa mwisho wa mwaka. Wengi hupima mara moja tu, tuseme mwezi wa Agosti, wakaridhika, kisha Desemba wanashangaa kuona jua limeifikia picha. Ukuta wenye dirisha lenyewe haupigwi na miale ya dirisha hilo, lakini kwa kuwa ni wa nje na unatazama magharibi, matofali yake hunyonya joto la alasiri yote na kulitoa ndani mpaka usiku. Kwa nyumba yako mimi ningechagua ukuta wa ndani usiopakana na nje kabisa, hasa wa korido itokayo sebuleni kwenda vyumbani, ambako mgeni hupita kila anapokwenda kunawa mikono. Ataziona kadi zako kwa karibu zaidi kuliko angeziona akiwa amekaa kwenye kochi ng'ambo ya chumba, na kwa kitu chenye upana wa milimita 64 na urefu wa milimita 89 ukaribu ndio onyesho lenyewe.

Ukitaka kuhakikisha, chukua chaki na uweke alama kwenye ukuta unaoufikiria kila mahali ambapo jua linafika saa tatu asubuhi, saa saba mchana na saa kumi na moja jioni. Kisha nyoosha kiganja chako mbele ya ukuta, kama sentimita thelathini kutoka kwenye plasta. Ikiwa kivuli chake kina ukingo mkali unaoweza kuufuata kwa kalamu, mwanga umezidi. Simu nyingi pia zina kihisio cha mwanga, na zipo programu zinazokisoma kwa luksi. Si kipimo cha maabara, lakini kinatosha kulinganisha ukuta mmoja na mwingine. Taa za LED hutoa urujuanimno kidogo mno, kwa hiyo taa moja ya korido yenye mwanga wa umanjano, inayozimwa mnapokwenda kulala, haina tatizo. Taa ndogo za kuchomekwa ndani ya fremu sizipendekezi, kwa sababu zinaleta joto mahali pasipo na hewa.

Nyumba yako ni mpya, na hilo lina maana yake. Saruji ya plasta huendelea kutoa maji muda mrefu baada ya ukuta kuonekana mkavu, na rangi mpya hutoa mvuke wake. Subiri angalau miezi mitatu tangu ukuta upakwe rangi kabla hujatundika chochote cha karatasi, na kama unabandika kiganja ukutani asubuhi na kuhisi ubaridi wa umajimaji, subiri zaidi.

Kuhusu zile kadi mbili zilizojikunja, usihuzunike, kwa maana hazijaharibika. Kadi yenye mng'ao wa metali ina tabaka mbili zisizofanana: mbele kuna utando unaong'aa, ambao haunywi maji, na nyuma kuna karatasi, ambayo hunywa na kutoa unyevu wa hewa. Dar es Salaam karatasi hiyo ilikuwa imeshiba unyevu wa pwani. Ulipoipandisha hapa, mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo karibu mvua zote za mwaka hunyesha takriban kati ya Desemba na Aprili na miezi inayobaki hewa ni kavu, karatasi ilikauka na kusinyaa huku utando wa mbele ukibaki na urefu wake, na kadi ikalazimika kupinda kuelekea nyuma. Ukiitazama utaona kwamba sehemu iliyobonyea ni ya nyuma. Mvua zikianza, sehemu ya mkunjo huo itanyooka yenyewe.

Hapa ndipo ushauri ulioandikwa kwa ajili ya nchi nyingine unapowapoteza watu wa mikoa ya kati. Kila mahali utasoma kwamba uweke vifuko vya silika ndani ya fremu au kwenye boksi la kadi, vile vifuko vidogo vinavyokuja ndani ya viatu na mikoba. Kwa mtu wa Tanga au Zanzibar huo ni ushauri mwema. Kwa mtu wa Dodoma mwezi wa Septemba ni kuongeza ukavu juu ya ukavu, na kadi itajikunja zaidi. Unyevu unaofaa karatasi ni kati ya asilimia 40 na 50, na muhimu kuliko tarakimu hiyo ni kutoyumbayumba. Nunua kipimo kidogo cha unyevu, ukiweke kwenye chumba chenye kadi, na ukisome kwa wiki mbili kabla ya kuamua chochote. Kadi zilizojikunja ziingize kwenye vifuko laini, kisha kwenye makasha magumu, uzilaze kwenye boksi la plastiki lenye kifuniko pamoja na rundo la karatasi nyeupe, na uziache humo kwa wiki kadhaa. Karatasi nyingi zilizokusanyika pamoja hupunguza kuyumba kwa unyevu. Usizikunje kinyume kwa mkono, usizikandamize chini ya vitabu vizito zikiwa tupu, na kamwe usizipitishie pasi.

Sasa fremu. Unahitaji fremu yenye kina, iliyo kama sanduku jembamba, ambayo kati ya kioo na ubao wa nyuma ina nafasi isiyopungua milimita 15. Kadi tupu ikigusa kioo, uso wake laini hushikamana nacho kadiri joto na unyevu vinavyopanda na kushuka, na siku ya kuitoa, rangi hubaki kwenye kioo. Wewe hutaweka kadi tupu. Kila moja iingie kwanza kwenye kifuko laini cha polipropilini, kisha kwenye kasha gumu ambalo wakusanyaji huliita toploda, au kwenye kasha la akriliki, ile plastiki ngumu inayoonyesha kama kioo, linalofungwa kwa sumaku ikiwa kadi ni nene. Usitumie kurasa laini za albamu zenye harufu kali ya plastiki mpya. Ile ni PVC iliyolainishwa, na vilainishi vyake hutoka taratibu na kunata kwenye wino.

Toploda ya kawaida ina upana wa milimita 76 na urefu wa milimita 102 hivi. Ukizipanga tatu kwa tatu, ukaacha milimita 25 kati ya moja na nyingine, milimita 50 juu na pembeni, na milimita 65 chini ili jicho lisione kama zimeteleza, fremu yako itahitaji nafasi ya ndani yenye upana wa milimita 378 na urefu wa milimita 471. Mpe fundi tarakimu hizo zikiwa zimeandikwa, na usimwachie futi peke yake. Lakini pima makasha yako mwenyewe kabla ya kuziandika, kwa sababu ya sumaku na yale ya wakaguzi ni makubwa zaidi na hayalingani.

Makasha yatashikwaje bila gundi? Njia ninayoipenda ni ya madirisha. Fundi akate matundu tisa kwenye ubao mwepesi wa povu wenye unene unaokaribiana na wa kasha, kila tundu likilingana na kasha kwa ukamilifu, kisha nyuma yake aweke ubao wa pili mzima na mbele yake kadibodi nene yenye madirisha madogo kidogo kuliko kasha. Kasha hukaa kwenye tundu lake kama yai kwenye trei, halianguki mbele kwa sababu dirisha ni dogo kuliko lenyewe, wala halirudi nyuma. Ukitaka kubadilisha kadi unafungua mgongo wa fremu, unatoa moja na kuingiza nyingine, bila kisu. Mdomo wa toploda uelekee juu, ukiwa umezibwa kwa utepe mwembamba wa karatasi unaogusa plastiki tu, ili vumbi lisiteremke ndani.

Mbao za kwetu ni nzuri, na sitakuzuia kutumia mninga au mkongo. Ila mbao zote hutoa asidi kidogo hewani, na mbao za kubandikwa kiwandani, zile za unga wa mbao na gundi, hutoa zaidi. Mwambie fundi apige msasa, apake vanishi ndani na nje, kisha aiache fremu wazi kivulini kwa wiki tatu au nne hata iishe harufu. Ukiweka pua karibu na kona ya ndani ukasikia harufu, bado. Fremu ya aluminiamu haina shida hiyo, lakini ina nyingine: mafundi wa aluminiamu hupenda kushika kioo kwa silikoni, na silikoni nyingi zinapokauka hutoa harufu ya siki. Harufu ile ni asidi halisi. Kioo kishikwe kwa vibanzi vya mbao au mpira. Gundi ya kichupa nayo isitumike popote ndani ya fremu, hata kwenye kona za mbao, maana mvuke wake huacha utando mweupe kwenye plastiki ya makasha.

Kadibodi jeusi la fundi wako huenda limetokana na boksi lililopakwa rangi, na maboksi ni karatasi ya asidi inayogeuka kahawia na kuambukiza kila iliyo jirani nayo. Kadibodi maalumu isiyo na asidi inafaa kuagizwa. Usipoipata, weka kati ya kadibodi na makasha karatasi nyeupe nzuri ya ofisini, kwa kuwa nyingi za siku hizi hutengenezwa kwa chokaa ndani yake na si za asidi, na uibadilishe kila baada ya mwaka mmoja au miwili.

Kuhusu kioo au akriliki, watu wengi hushauriwa kuchukua akriliki kwa sababu ni nyepesi na haivunjiki. Kioo cha milimita 3 kina uzito wa kilo 7.5 kwa mita ya mraba, akriliki ya unene huohuo kama nusu yake. Kwa fremu ya ukubwa wako tofauti hiyo ni chini ya kilo moja. Upande mwingine wa mizani kuna vumbi la Dodoma. Akriliki hujijaza umemetuli ukiifuta kwa kitambaa kikavu, nao huvuta vumbi jekundu la Agosti na Septemba kana kwamba linaitwa, na chembe za mchanga zilizomo ndani yake huikwaruza. Chukua kioo. Kama kuna watoto wadogo wanaocheza mpira koridoni, chukua akriliki na uwe mvumilivu: puliza vumbi kwanza, kisha futa kwa kitambaa laini chenye maji na tone la sabuni ya kawaida, na usiinyunyizie dawa ya kusafishia vioo yenye amonia, kwani huifanya iwe na ukungu na nyufa ndogondogo.

Pembeni mwa kioo, kabla ya mgongo kufungwa, fundi apitishe utepe wa karatasi kuzunguka kingo zote. Utepe huo unazuia vumbi na wale wadudu wadogo wa rangi ya fedha wanaokula karatasi. Fungeni mgongo asubuhi ya siku kavu, si siku ya mvua, la sivyo mtafungia ndani unyevu utakaogeuka matone nyuma ya kioo usiku wa baridi.

Fremu isigusane na ukuta. Bandika vipande vya mpira au vya koki, ile ya vizibo vya chupa, vya unene wa sentimita moja kwenye kona za chini, na juu tumia pete mbili zinazoning'inia kwenye skrubu mbili badala ya waya kwenye msumari mmoja, ili isipinde kila mlango unapobamizwa. Toboa kwa drili, ingiza plagi ya plastiki, funga skrubu, pima kwa pima maji. Ile nafasi ya sentimita moja nyuma ina kazi mbili. Hewa hupita. Na unaweza kuchungulia. Mchwa wa mikoa hii hupanda ukutani kwa njia yao ya udongo, nao hupenda kujificha nyuma ya kitu kilichobanwa na plasta. Nimewahi kuishusha fremu ya mninga iliyoonekana nzima kabisa kwa mbele, mkono wangu ukazama kwenye mgongo wake kama kwenye biskuti iliyolowa chai. Kila mwisho wa mwezi mulika nyuma kwa tochi ya simu. Ukiona mstari wa udongo, shusha fremu siku hiyohiyo. Kinyesi cha mijusi juu ya kioo kilowanishwe kwanza ndipo kifutwe.

Nimeiacha kadi ya Hasheem Thabeet mwisho kwa sababu jibu langu juu yake huenda lisikupendeze. Isitundikwe. Yeye ndiye Mtanzania wa kwanza kucheza NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, aliyechaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies katika uteuzi wa wachezaji wapya wa 2009, kabla ya James Harden na kabla ya Stephen Curry, na kwa mkusanyaji wa nchi hii hakuna kadi inayoizidi hiyo kwa maana. Saini ya maka huchujuka haraka kuliko wino wa uchapaji. Hata kwenye korido yako nzuri, isiyofikiwa na jua, miaka itaitafuna, na kadi yenye kivuli cha saini ni jambo la kusikitisha kuliko isiyo na saini kabisa, kwa sababu kila mtu anaona kilichokuwepo.

Tengeneza nakala. Peleka kadi, ikiwa ndani ya kifuko chake laini, mahali penye skana ya kulaza juu ya kioo, usimame hapohapo, na usiruhusu ipitishwe kwenye mashine inayovuta karatasi kwa magurudumu. Iskaniwe kwa nukta 600 kwa inchi, ichapwe kwa rangi kwenye karatasi nzito ya picha, na ikatwe kwa kipimo halisi cha milimita 64 kwa 89. Mwanga wa skana wa mara moja hauna madhara ya kuhofia. Nyuma ya nakala andika kwa penseli kwamba ni nakala na tarehe yake, ili siku za mbele mwanao au mnunuzi asidanganyike. Nakala iingie kwenye tundu la katikati la fremu. Kadi halisi ibaki kwenye kasha la sumaku, ndani ya boksi lenye kifuniko, kwenye kabati la chumba cha ndani, si juu ya kabati karibu na dari ambako joto la bati hushuka. Mgeni anayeijua kadi hiyo atakuomba aione, nawe utaitoa, ataishika kwenye kasha lake, mtaitazama pamoja chini ya taa kwa dakika kumi, na utairudisha.

Zile nane nyingine zipe zamu. Ikiwa una kadi nyingine unazozipenda, badilisha kila baada ya miezi minne, na yale madirisha tisa yatakurahisishia. Nyuma ya fremu bandika karatasi ndogo yenye orodha ya zilizomo na mwezi zilipoingia. Zile mbili zilizojikunja ziache kwenye boksi lao mpaka Januari, mvua zikiwa zimekolea, kisha uzitazame upya kabla ya kuzipa nafasi.